Risasi za Mti wa Mkahawa

Skolastika,

Tangu ulipoondoka hapa mara ya kwanza, mjukuu wa jirani yangu Mama Osmunda aliyekuwa anatambaa sasa ananiibia miwa. Mbwa uliyemwacha alikufa, na mwanawe ndiye aliyekubwekea getini siku ulipofika, kama amemwona mwizi. Sikumkemea. Angekujuaje? Miaka yote hiyo unapiga simu Pasaka na Krismasi: "Shikamoo Bibi, u mzima Bibi, mtandao unakatika Bibi." Mtandao gani huo unaokatika kila nikiuliza utakuja lini? Nyumba ina mlango, mlango una njia, na njia inafika mpaka stendi ya Mbinga. Hakuna aliyeing'oa.

Haya, nimeshakugomba. Sasa naandika.

Kesho asubuhi unaondoka tena, na mchana huu umeshuka Lundo, kule ziwani, kumuaga dada yangu na kununua dagaa wa kupeleka huko Arusha. Najua dada yangu hatakuachia mapema. Atakulisha, atakuuliza habari za mchumba, utakasirika, atakulisha tena. Kwa hiyo nina muda. Shule sikukanyaga, hilo unalijua. Herufi nilizipata kanisani kwenye kitabu cha nyimbo, nikifuata kidole cha Mama Osmunda, na mpaka leo nikiandika ni kama naimba. Ukikuta neno limekosewa, liache hapo hapo. Usinirekebishie.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Kula utakula, sweta umefunga, na ukiumwa hospitali ziko. Mimi ni bibi yako, lakini nilikupokea kwa baba yako Yohana ukiwa na meno mawili, kwa hiyo nakuandikia kama mama, na mama haandiki habari za sweta.

Kwanza acha nirudie kazi yako kama nilivyoielewa, ujue kwamba nilikuwa nasikiliza hata nilipokuwa nachambua maharage.

Huko unakofanya kazi ni klabu ya watu wanaopiga shabaha kwa mchezo. Wanapiga karatasi yenye miduara, hawapigi mtu wala mnyama, kisha wanahesabiana matundu. Wewe unatengeneza bastola zao zikiharibika, na jioni mwalimu wenu anakuacha nawe upige. Bastola ilitengenezwa kula risasi nene. Risasi nene ni ghali, na mkono wa anayejifunza unaruka. Mwalimu akanunua mtutu mwingine na vifaa vyake, ili bastola ile ile ipige risasi nyembamba za kujifunzia. Mtutu ukakubali. Kilichokataa ni magazini, kile kisanduku cha chuma kinachoingia kwenye mpini na kupandisha risasi moja moja kwa springi. Kisanduku kipana, risasi nyembamba: inalala upande kama mlevi, pua chini, haipandi.

Ndipo ulipochukua magazini nzuri ya klabu, ile ya siku zote, ukaibana midomo kwa koleo mpaka risasi nyembamba ikakaa. Wakakusifu. Siku ya mashindano ikafika, risasi nene zikahitajika, na magazini ile ikazikataa, maana midomo ilikuwa imeshabanwa. Mpigaji wenu bora akasimama mbele ya watu na bastola inayogoma. Mkashindwa kabla hamjaanza. Mmoja akasema, ukamsikia, "Ndiyo matokeo ya kumpa msichana tupa."

Mwalimu hakukufukuza. Alikupa magazini za zamani zilizokuwa zimetupwa kabatini, tupu, na barua yenye mhuri ili askari wa njiani wasikusumbue. Akasema: nenda kwenu, pumzika, zitengeneze hizi ziwe za risasi nyembamba. Ukirudi nazo zinafanya kazi, utaingia kwenye timu kama mpigaji na fundi. Usiporudi, nafasi yako nitampa mwingine.

Nimekosea wapi? Hakuna.

Sasa nitakuambia kwa nini sikutaka kazi hiyo tangu mwanzo. Kaka yangu, yule wa Lundo usiyemjua, alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori mashambani. Siku moja hakuwa na goroli zake, akajaza misumari na vipande vya sufuria. Alilipa gobore chakula kisicho chake, na gobore likamlipa: lilipasuka, likaondoka na vidole vyake viwili. Mimi nilikuwa msichana, nimesimama karibu na ndoo ya maji. Tangu siku hiyo nikisikia neno risasi, naona ndoo ile na rangi ya yale maji.

Hayo ndiyo niliyopaswa kukuambia siku ulipopata kazi. Hukuambiwa. Badala yake, pale getini, mbele ya watu waliokuja kukuaga, nilisema kwa sauti: "Mwanamke wa kubeba bastola, mtoto atambeba kwa mkono gani?"

Wakacheka. Nililisema vizuri, ndiyo maana walicheka. Ulimi wangu unajua kazi yake. Wewe hukucheka. Uliinama ukafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Kisha ukaondoka, na nyumba hii ikawa ya simu za Pasaka.

Kwa hiyo hapo juu nimekugomba kwa kukaa mbali, na ugomvi huo siufuti, lakini aliyeiziba njia namjua. Nalala naye kitanda kimoja tangu babu yako afe.

Nilikuwa muoga, nikauvika uoga wangu nguo ya utani. Mwanangu, ukiogopa, sema naogopa. Neno fupi tu. Mimi lilinichukua mpaka uzee.

Sasa habari ya mashine. Nilikuonjesha tu siku ile kibarazani, ukacheka, tukakatizwa na mvua. Leo nakupa yote.

Ile mashine ya kumenyea kahawa iliyo uani tuliichangia nyumba kadhaa, ikawekwa kwangu kwa sababu kijito kiko karibu. Mimi binti wa ziwani, najua samaki, nimeolewa huku milimani kwa wapanda kahawa, na mashine ya wote ipo uani kwangu! Nilijiona mkubwa. Nilikuwa nikizungusha ule mkono wa mashine nikitazama pembeni nani ananitazama.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Matunda yakaiva madogo kama kunde. Ukiyatia kwenye mashine yanapita mazima, yanatokea upande wa pili yakikucheka. Pembeni pana skrubu za kusogeza bamba, ili nafasi iwe ndogo, lakini zilikuwa zimeshika kutu. Babu yako akasema, "Mama Yohana, subiri nishuke mjini nikanunue mafuta, tuzilegeze polepole."

Mimi na kusubiri! Alipopotea kwenye kona nikachukua nyundo. Nikaligonga bamba likaingia ndani. Nikatia matunda: yakamenyeka, safi, moja moja. Babu yako aliporudi na chupa yake ya mafuta nilimwonyesha ndoo imejaa. Alitazama bamba, akatazama ndoo, akasema, "Mwaka huu umeshinda." Sikulisikia lile "mwaka huu." Mtu anayesifiwa masikio yake hujaa haraka.

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa ya baraka. Matunda yakaiva manene, mekundu, unatamani kuyala. Tukayaingiza kwenye mashine ile ile, majirani wote, kila mmoja na zamu yake. Bamba lililopinda likawa linaumiza kila punje. Sisi hatukuangalia, tulikuwa tunaimba. Tukaloweka, tukaosha, tukaanika. Karani wa chama cha ushirika akatia mkono kwenye gunia, akamwaga mezani, akatuuliza: "Hii kahawa mmeimenya au mmeitafuna?"

Kahawa ya kijiji kizima cha watu wanaonijua ikawekwa fungu la mwisho. Nyundo yangu.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana kupinda bamba si kosa kubwa. Bamba ni chuma. Kosa langu ni kwamba nilijificha. Jumuiya wakisali, naumwa mguu. Msibani natuma uji, siendi. Kijitoni nachota maji kabla kuku hawajashuka. Msimu mzima niliishi kama panya ndani ya nyumba yangu. Babu yako aliniacha hivyo hivyo, alijua mimi ni mtu wa kuiva taratibu.

Aliyekuja ni Mama Osmunda. Hakubisha hodi. Aliketi pale mashineni juu ya ndoo yake akasema, "Mama Yohana, ni mguu gani hasa unaouma? Jana ulichechemea wa kushoto, leo wa kulia."

Nikamwambia, "Watu wamenikasirikia."

"Wamekukasirikia, ndiyo. Na kahawa inaiva vilevile. Utakuja kueleza mwenyewe, au tuendelee kukuelezea? Maana sisi tunaongeza chumvi."

Nikaenda. Baada ya sala nikasimama, nikasema: "Nyundo ilikuwa mkononi mwangu." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, habari za mvua na kutu na babu yako kuchelewa. Yote yakakataa kutoka, na ninamshukuru Mungu. Halafu mzee mmoja nyuma akakohoa akauliza, "Bamba jipya linauzwa wapi?" Basi. Wakaanza kubishana habari ya bamba na mimi nikakaa.

Ndiyo maana siku ulipofika hapa ukazimwaga zile magazini juu ya meza, ukanisimulia huku umeniangalia kama ndama anayesubiri kisu, mimi nilicheka. Ulikasirika. Ulisema, "Bibi, nimeharibu kazi za watu, wewe unacheka?" Nilicheka kwa kuona damu haipotei! Ulichukua kitu cha wote, kilicho kimoja, ukakipinda kikufae siku hiyo, ukasifiwa. Hukusoma hilo chuoni, mama. Umelirithi kwangu, pamoja na pua.

Wala usifikiri umerithi ubaya peke yake. Wiki hizi nimekutazama kibarazani. Hukugusa koleo siku ya kwanza. Ulizipanga magazini zile kuukuu, ukachagua, ukasema hizi ndizo zitakuwa za risasi nyembamba maisha yao yote, na zile nzuri za klabu hazitaguswa tena. Moyoni nilipiga kigelegele. Mimi hilo lilinigharimu kahawa ya kijiji, na wewe umelishika ukiwa bado na meno yote.

Kisha ukasema huna namna ya kuzijaribu, kwa sababu risasi huruhusiwi kubeba, na hata ungeruhusiwa usingeziingiza nyumbani kwangu. Hapo ndipo nilipokumbuka shina la mkahawa mzee wa babu yako, tulioukata ulipochoka kuzaa. Mti ule mgumu, unakataa hata mchwa. Wewe ukaleta kipimo chako, mimi nikaleta kisu changu cha samaki, nikachonga vijiti, ukavisugua kwa msasa mpaka vikawa na umbo na unene wa risasi nyembamba. Mama Osmunda akapita akauliza tunatengeneza nini.

"Risasi," nikamwambia.

"Mnampiga nani?"

"Wewe, ukiendelea kusimama hapo bila kazi."

Akaketi akachonga naye. Zake zilitoka kama vidole gumba, tukamwachia mjukuu wake achezee.

Siku za kwanza zilikuwa za kununa. Unajaza zile risasi za mti, unasukuma ya juu kwa kidole, ya pili inapanda, ya tatu inalala chali. Unatoa springi, unatazama, unapunguza kidogo kwa tupa kile kibao kinachozisukuma juu, unarudisha. Umeitilia magazini tumbo jembamba ndani yake, bado inagoma. Niliona mkono wako ukienda kwenye koleo. Niliona pia ukiurudisha. Nikaenda kuangalia maharage ambayo hayakuwa motoni.

Hadi mchana ule nilipokuwa jikoni nikasikia: tak. Tak. Tak. Halafu tena, mpaka ya mwisho. Nilitoka na mwiko mkononi. Wewe hukuwa unacheka wala kulia, ulikuwa umeishika magazini ile kama mtu aliyeshika kifaranga. Kisha ukaomba rangi ya kucha kwa Mama Osmunda, ukapaka nyekundu chini ya kila moja, ili hata mtu mwenye haraka, hata mtu kama mimi, asizichanganye na zile za risasi nene. Mama Osmunda akalalamika kwamba chuma kimependeza kuliko yeye.

Ile moja ambayo bado inagoma umeifunga kitambaa ukaitia chini kabisa ya mfuko. Nimeiona. Itoe, uiweke juu na wenzake. Mwalimu wako akikuta zote zimekubali, atafikiri ni bahati. Akikuta moja imegoma na wewe unajua kwa nini imegoma, atajua ana fundi.

Asubuhi hii, kabla hujashuka Lundo, ulisimama pale mlangoni ukaniuliza bila kunitazama, "Bibi, zikigoma tena mbele yao?"

Nikakuambia, "Zitagoma."

Ukageuka. "Sasa unanitia moyo au unanivunja?"

"Nakuambia ukweli. Mti si risasi ya kweli, na kibaraza si uwanja. Moja itagoma. Utaitoa, utaitazama, utaitia tena. Hujawahi kuona kahawa ikikwama mashineni?"

Ukasema labda usiende. Ukasema Mbinga mjini kuna karakana za pikipiki, ungefungua ya kwako, ungekuwa karibu na mimi. Ulilisema kwa upole, na nusu ya moyo wangu ilishaanza kukutandikia kitanda. Ningepata mtu wa kunichotea maji. Ningepata mtu wa kugombana naye. Nilitaka kusema kaa. Nilishika mlango nisilitamke.

Sasa nakujibu kwa wino, maana mdomo wangu siuamini. Karakana ya pikipiki ni kazi nzuri, na ukiitaka kwa sababu unaitaka, njoo, nitakuuzia chai mlangoni. Lakini ukiitaka ili usionekane na wale watu, huo ni mguu wangu unaouma, Skola. Leo wa kushoto, kesho wa kulia. Najua nyumba ya mtu aliyejificha inavyonuka. Nenda.

Ukifika, usianze na magazini. Waite wale wapigaji, na yule mwenye maneno ya tupa awepo, useme: "Koleo lilikuwa mkononi mwangu." Kisha unyamaze. Usiongeze habari za kabati, wala haraka, wala nani alikuambia nini. Mtu atakohoa. Mtu atauliza kitu kidogo cha kipuuzi, kama bamba linauzwa wapi. Hapo ndipo uzitoe hizo zenye rangi nyekundu, uziweke mezani.

Na ukisimama kupiga, piga. Mimi bado naogopa. Ndoo ile ya Lundo bado naiona, sitakudanganya kwamba imeondoka kwa sababu ya risasi za mti. Lakini kaka yangu alijaza kile alichokiokota, na wewe nimekuona ukipima unywele mara tatu, ukikataa, ukipima tena. Mkono wa namna hiyo utabeba bastola, na Mungu akipenda utabeba na mtoto, na nitakayemwambia hivyo getini kesho ni yeyote atakayekuwepo, kwa sauti ile ile. Nimemwomba Mama Osmunda awalete waliocheka. Amesema wengine wameshahama, lakini atajitahidi.

Namsikia mbwa anabweka kule kwenye kona. Ni wewe, au ni mwizi wa miwa. Nafunga.

Barua hii naiweka kwenye mfuko wako, chini ya risasi za mkahawa. Ukija tena, na uje kabla kahawa haijaisha mtini, usipitie getini kama mgeni. Zunguka nyuma, njia ya mashineni, mbwa nitakuwa nimeshamwambia. Uniletee ile karatasi ya shabaha. Usinichagulie nzuri. Leta ya siku ya kwanza, ya wiki utakayofika huko, hata kama matundu yametawanyika kama kuku walioona mwewe. Utaketi juu ya ndoo, utanionyesha kwa kidole tundu moja moja, hapa mkono uliruka, hapa niliogopa, na mimi nitakuwa nazungusha mashine.

Bibi yako,
Edeltruda